Minibaiki ya zamani iwake kwanza, kung'aa baadaye

Mhariri,

Makala yenu ya mwisho wa juma kuhusu burudani ya kufufua minibaiki za zamani, yaani pikipiki ndogo sana, nimeisoma yote, hadi maelezo madogo yaliyowekwa chini ya picha. Nawashukuru kwa kuupa ukurasa mzima mchezo ambao wengi huudharau. Lakini nina ugomvi nayo, tena si mdogo. Picha zote zilikuwa za vyombo vilivyong'arishwa vikawekwa juu ya mazulia, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na tone la oili chini yake. Hatua ya kwanza aliyoshauri mwandishi ni kufungua kila kitu hadi nati ya mwisho na kupeleka fremu ikapigwe mchanga kwa mashine ili kuondoa rangi ya zamani. Ya pili ni rangi. Injini inatajwa kwenye aya ya mwisho, pale anaposema kwamba ikisumbua itupwe na inunuliwe mpya. Breki hazikutajwa kabisa.

Mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu, na kwa kuwa gazeti lenu linasomwa na vijana ambao huenda wikiendi hii hii wataanza kufungua nati, naomba nafasi niseme yangu.

Nijitambulishe kidogo, maana mwandishi ameandika kana kwamba kazi hii ni ya akina baba na watoto wao wa kiume. Mimi ni bibi mwenye wajukuu, fundi cherehani mstaafu. Maisha yangu ya kazi yote nimeyamaliza nikisikiliza vyuma vidogo vinavyozunguka kwa kasi, na nilipostaafu mikono ilikataa kukaa bure. Nina minibaiki tatu: Honda Z50A na Honda CT70, zote za mwanzoni mwa miaka ya 1970, na moja ya Kimarekani yenye fremu ya mabomba na injini ya Briggs & Stratton ya kuvuta kwa kamba, ambayo nembo ya kiwanda kilichotengeneza fremu ilishapotea kabla haijafika kwangu. Zote zinawaka. Hakuna hata moja inayofaa kupanda juu ya zulia.

Nianze na historia, kwa sababu hapo ndipo makala ilipoanza kuteleza. Mwandishi ameziita minibaiki vinyago vilivyoiga pikipiki kubwa, na kwa maneno hayo machache amefuta nusu ya utamu wake. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, Waingereza walibuni Welbike, kijipikipiki cha kilo 32 hivi chenye injini ya Villiers ya cc 98. Usukani na siti vilikunjwa, chombo kikaingizwa kwenye kasha na kudondoshwa kwa mwavuli kuwafuata askari waliokwisha kuruka. Kiwanda cha Excelsior kilitengeneza zaidi ya 3,600. Hakikuwa na springi wala gia, na tangi lake lilikaa chini kuliko kabureta, kwa hiyo mwendeshaji alilazimika kupampu hewa kwa mkono ili petroli ipande. Hicho nacho ni kinyago?

Honda walianza na Z100 ya mwaka 1961, iliyotengenezwa kwa ajili ya bustani ya michezo ya Tama Tech karibu na Tokyo, ikiwa na injini ya cc 49 iliyotoka kwenye pikipiki yao ya Super Cub. Hiyo kweli ilizaliwa kwa ajili ya kuchezea, nakubali. Lakini mwaka 1967 ikaja Z50M, yenye usukani unaokunjwa na siti inayoshushwa ili chombo kizima kiingie kwenye buti ya gari dogo. Mwaka 1968 ikafuata Z50A yenye magurudumu ya inchi 8, na mwaka 1969 CT70, kubwa kidogo, ya cc 72 na magurudumu ya inchi 10. Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine: watu walichukua injini za mashine za kukatia majani na za pampu, wakazifunga kwenye fremu za mabomba. Miongoni mwa waliolifanya jambo hilo kwa ustadi ni Mickey Rupp wa Mansfield, Ohio, ambaye mwaka 1965 alimaliza wa sita katika mbio za magari za Indianapolis 500. Mtu aliyefika huko hatengenezi vinyago.

Nayasimulia haya kwa sababu anayejua chombo kilizaliwa kufanya kazi gani anajua pia kipi asikiguse. Chukueni usukani wa Z50A. Unakunjwa kwa kulegeza vifundo viwili vya kuzungusha kwa mkono. Nimeziona minibaiki "zilizofufuliwa" ambazo maungio hayo yamechomelewa, kisha yakapitishwa tupa na kupakwa rangi yasionekane. Aliyefanya hivyo aliona kasoro mahali palipokuwa na akili ya mhandisi. Kinachotakiwa pale ni kusafisha meno ya maungio, kuhakikisha vifundo vinakaza sawasawa, na kuvijaribu kila mara kabla ya kupanda, maana usukani unaojikunja wenyewe ukiwa mwendoni hauna msamaha.

Sasa kazi yenyewe. Chombo kipya kikiingia uani kwangu, siku hiyo sikigusi kwa spana. Nakizunguka na daftari. Naandika namba ya fremu na namba ya injini, naandika kila waya unapita wapi, kila bolti ina kichwa cha namna gani, kebo ya breki imepita upande upi wa shingo. Mjukuu wangu wa kike hupiga picha, na anajua kwamba picha moja ya mbali haina faida. Nataka ya karibu, upande wa kushoto na wa kulia, na nyingine kutoka chini. Baada ya miezi michache, vyuma vikiwa ndani ya makopo, picha hizo ndizo zinazomaliza ubishi wa washa (pete bapa ya bolti) ipi ilikaa wapi.

Kisha injini, kabla ya kitu kingine chochote, nayo ikiwa bado kwenye fremu. Kama imekaa miaka bila kuwashwa, msipige kiki. Fungueni plagi, mimineni oili kidogo kwenye tundu lake, muiache usiku kucha au zaidi, ndipo muizungushe taratibu kwa spana kwenye nati ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Pistoni iliyoshikwa na kutu ukiilazimisha kwa kiki, ringi zinakatika na silinda inachorwa mistari. Ikizunguka bila kukwaruza na ikaonyesha kubana hewa, mna injini. Baki zote ni usafi na subira.

Cheche ndiyo inayofuata. Injini nyingi ambazo watu wanataka kuzitupa hazina ugonjwa mwingine zaidi ya pointi zilizoota ukungu. Minibaiki hizi za zamani hazina elektroniki. Chini ya flaiwili kuna pointi mbili zinazogusana na kuachana, na kondensa pembeni. Chombo kikikaa, pointi zinafunga utando usiopitisha umeme. Zipitisheni tupa laini sana, kisha zifuteni kwa karatasi safi isiyo na mafuta, kwa sababu alama ya kidole tu inatosha kuharibu kazi. Kwenye Honda hizi nafasi ya pointi zikiwa zimefunguka kabisa ni kati ya milimita 0.3 na 0.4, kwenye Briggs za zama hizo ni milimita 0.5 hivi. Honda zina dirisha kwenye flaiwili la kukuwezesha kurekebisha bila kuitoa, na alama ya F inayoonyesha pale cheche inapotakiwa kuruka. Mkilazimika kuitoa flaiwili, tafuteni chombo chake cha kuvutia. Nyundo hapo ni marufuku: inalegeza sumaku na kuharibu ncha ya shafti.

Kwenye Briggs kuna kitu kingine ambacho wanaoanza hawakijui. Flaiwili inashikwa mahali pake na kipande kidogo cha metali laini kilichoingia kwenye mfereji wa shafti. Kimewekwa laini kwa makusudi, ili injini ikigongwa ghafla kikatike chenyewe na kuokoa shafti. Kikikatika nusu, flaiwili inasogea kidogo sana, na kidogo hicho kinatosha kuvuruga wakati wa cheche. Mtaona injini inarudisha moto kwenye kabureta au kamba inawanyang'anya mkono. Watu hubadilisha kabureta, hubadilisha koili, huapiza, na tatizo lipo kwenye kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole kidogo.

Kabureta nayo haina miujiza. Petroli iliyoachwa humo inakauka na kuacha gundi ya rangi ya kahawia, na gundi hiyo huziba kwanza jeti ndogo ya mwendo wa taratibu. Ndiyo maana chombo kinawaka ukivuta choki, ukiirudisha kinazima. Loweka, pulizia hewa, tazama tundu kwenye mwanga. Msiingize waya wa chuma kwenye jeti ya shaba nyeupe au nyekundu: mkitanua tundu kwa upana usioonekana kwa macho, mtakuwa mnakunywesha injini petroli nyingi hadi mwisho wa maisha yake na hamtajua kwa nini plagi inakuwa nyeusi.

Tangi lenye kutu ndani mnaweza kulisafisha kwa asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu. Likishatakata, mwageni, suuzeni kwa maji yenye soda ya kuoka ili kuua ukali wa asidi, kausheni haraka kwa hewa ya moto na mtie mafuta kidogo mara moja, la sivyo kutu mpya inaanza mbele ya macho yenu. Kwenye CT70 tangi limefichwa ndani ya fremu chini ya siti, kwa hiyo hakuna anayeona kama linang'aa au la, na nadhani ndiyo sababu wapaka rangi hulisahau.

Valvu. Z50A na CT70 zinataka nafasi ya milimita 0.05, injini ikiwa baridi kabisa na pistoni ikiwa juu mwisho wa kubana. Huo ni unene wa unywele mwembamba, na tofauti ya unywele mmoja inasikika. Zikibana mno, valvu haifungi vizuri na inaungua. Zikilegea mno, mnasikia kelele kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Kuna wanaosema nafasi hiyo ni ndogo mno kuipima nyumbani. Si kweli. Geji ya kupimia nafasi ni seti ya vijani vya chuma, haina ufundi wa ajabu, inataka mkono usio na haraka.

Jambo dogo ambalo lingewaokoa wengi machozi: skrubu za Kijapani zinafanana na za msalaba wa kawaida, lakini mashimo yake yamechongwa kwa kipimo tofauti kidogo. Bisibisi ya kawaida inateleza na kulila shimo. Mifuniko ya injini nyingi za Honda ninazoletewa ina skrubu zilizoliwa hivyo. Tumieni bisibisi ya kipimo cha Kijapani, na kwa zilizogoma, ile ya kugonga kwa nyundo inayozunguka yenyewe inapopigwa.

Breki, ambazo mwandishi hakuziona. Ni za ngoma, ndogo, na ndizo zote mlizonazo. Brekishuu za miaka hiyo huenda zina asbesto, kwa hiyo msipulizie vumbi lake kwa hewa wala kwa mdomo. Futeni kwa kitambaa chenye maji na mkitupe. Kebo zivuteni nje, zitazameni kama nyuzi zimekatika karibu na mkono. Tairi zilizopasuka pasuka ubavuni, hata kama bado zina kashata nzuri, ziondolewe. Mpira unazeeka ukiwa umelala.

Baada ya hapo, pandeni. Na rangi ileile iliyochakaa. Zungukeni uwanja uliofungwa, sikilizeni, rudini, kazeni vilivyolegea. Mfanye hivyo hadi mkose cha kukaza. Hapo ndipo mtakuwa na haki ya kukaa chini na kujiuliza kuhusu rangi, na wengi, nina hakika, watajikuta hamu imewapungua.

"Bibi, sasa kwa nini hatuipaki rangi?" mjukuu aliniuliza kuhusu CT70. Nikamwonyesha upande wa chini wa siti, mahali jua halikufika. Rangi za CT70 nyingi za mwanzo zilipakwa kwa tabaka mbili: chini rangi ya fedha yenye chembe zinazometa, juu yake rangi angavu inayopitisha mwanga. Tabaka la juu linafifia kwa jua, kwa hiyo chombo kimoja kina wekundu wa namna tatu au nne, kutegemea kila sehemu ilikaa wapi. Hakuna fundi wa rangi atakayekurudishia hilo. Anaweza kukupa rangi mpya nzuri, moja, iliyosawazika. Ile ya kiwandani ikishapigwa mchanga imeondoka moja kwa moja.

Na huo mchanga wenyewe! Fremu ya CT70 si ya mabomba, ni bati lililokandamizwa na kuunganishwa katikati, tupu ndani. Kupigwa mchanga na mtu aliyezoea mageti ya chuma kunaweza kulipinda bati. Mchanga unabaki ndani ya fremu, unashuka mwezi baada ya mwezi, unaingia kwenye beringi za shingo. Vibandiko vya onyo na vibao vya kiwandani vinapotea, na namba ya fremu inafifia kiasi kwamba siku moja mtu ataulizwa chombo hiki ni chako kwa ushahidi gani, akose jibu. Zaidi ya hayo, rangi za miaka ya zamani zinaweza kuwa na risasi. Kama ni lazima kusugua, sugueni kwa msasa wa maji, mvae barakoa inayofaa, na watoto wakae mbali. Makala ilionyesha kijana akisugua fremu kavu kwa mashine, bila barakoa, anatabasamu.

Sisemi rangi ni haramu. Fremu iliyoliwa na kutu hadi ikatoboka, au ile iliyokwisha kupakwa na watu wanne kabla yenu kwa brashi ya nyumba, ipakeni bila kujuta. Hakuna cha kuhifadhi hapo. Ya Kimarekani niliipaka mwenyewe, nyeusi, kwa sababu ilinijia ikiwa chuma kitupu. Kwa nyingine, sabuni ya upole, nta, na mafuta kidogo kwenye kutu ya juujuu vinatosha.

Kuhusu kutupa injini na kufunga mpya, hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu ushauri huo si wa kipumbavu. Injini ile ya Honda, ambayo silinda yake imelalia mbele, imenakiliwa na viwanda vingi vya China, kwa hiyo leo mtu anaweza kupata gasketi, pistoni, hata injini nzima inayoingia kwenye bolti zilezile. Ni neema kubwa. Wenye injini za Kimarekani za Tecumseh hawana bahati hiyo. Kampuni iliacha kutengeneza injini mwaka 2008, na kila kipande kinachotupwa leo ni kipande ambacho mtu mwingine anakitafuta. Kwa hiyo mkibadilisha, ya zamani itieni oili, izibeni matundu, iwekeni kwenye sanduku na namba yake. Fremu na injini zilizotoka pamoja zikitenganishwa ni vigumu kukutana tena.

Lakini mwandishi anapendekeza injini ya cc 125 kwenye Z50, na hapo sikubaliani naye hata kidogo. Honda wenyewe walipoitoa Monkey mpya, mrithi wa Z50, ya cc 125 mwaka 2018 walitengeneza chombo kingine kabisa, kikubwa zaidi, chenye magurudumu ya inchi 12 na breki za diski. Hawakuichukua fremu ya mwaka 1968 wakaichomeka injini. Breki za ngoma zilizopangiwa cc 49 na magurudumu ya inchi 8 yanayoingia kwenye kila shimo haziwezi kubeba kasi hiyo, na kujua kwamba zimeshindwa mtajua kwa namna moja tu.

Ndugu wa ubaya huo ni kuondoa gavana kwenye injini za Kimarekani. Injini hizi zilipangiwa zisizidi mizunguko 3,600 hivi kwa dakika. Gavana ndiye anayezizuia. Mkimwondoa, injini inapiga kelele ya kufurahisha kwa muda, kisha mkono wa pistoni, ambao ni wa aluminiamu, unaweza kuvunjika na kutoboa ukuta wa injini. Flaiwili ya zamani nayo inaweza kupasuka, na vipande vyake havichagui pa kwenda. Injini ipo katikati ya miguu yenu. Fikirini vizuri iko karibu na nini.

Utunzaji baada ya hapo ni kazi ndogo ndogo ambazo hakuna anayezipigia picha. Injini ya Z50A au CT70 inabeba chini ya lita moja ya oili na haina chujio la karatasi, ina wavu tu na kikombe kinachokusanya uchafu kwa kuzunguka. Uchafu wote mnaouacha humo unazunguka tena. Badilisheni oili mapema na mara nyingi. Ni kidogo, haina sababu ya kuionea uchungu. Cheni isafishwe na itiwe mafuta, ikazwe ikiwa na mlegezo kidogo, wala msiikaze hadi ikawa waya wa gitaa. Klachi ya Kimarekani inayoshika kwa kuzunguka ina bushi ya shaba ndani: tone moja la oili kwenye bushi, na kamwe si kwenye viatu vyake, vikilowa havishiki. Chombo kisipotumika kwa muda, fungeni petroli na muiache injini iimalize ile ya kwenye kabureta. Methali ya ufa na ukuta mnaijua, sitawachosha nayo. Na msiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama ni ya cc 49. Moshi wake unaua sawasawa na wa lori.

Kuna maneno kwenye makala kuhusu faida ya kuuza. Sina la kusema hapo. Anayetaka biashara afanye biashara.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo kwa hakika ndilo lililonifanya nishike kalamu, na ambalo nawaomba mlitoe kama sahihisho hata kama barua hii mtaikata kote kwingine. Kwenye hatua ya nne ya makala, kuhusu kubadilisha tairi, msomaji anaelekezwa "kufungua nati za rimu na kuitenganisha". Rimu za Z50A na CT70 ni nusu mbili zilizofungwa pamoja kwa bolti, na tairi limebanwa katikati yake. Makala haikusema popote kwamba upepo utolewe kwanza. Mtu akifuata maelekezo hayo tairi likiwa limejaa, hewa inatafuta njia, na nati ya mwisho ikilegea nusu za rimu zinaweza kuruka usoni kwake. Utaratibu ni huu: toeni valvu ndogo ya ndani kabisa kwa kifaa chake, kandamizeni tairi hadi lisitoe hata mlio, ndipo spana iguse nati. Kuna nati nyingine za kitovu cha gurudumu ambazo si za rimu. Zitambueni kabla ya kuanza. Wakati wa kufunga, hakikisheni mpira wa ndani haukubanwa kati ya nusu mbili, kazeni nati zote kwa kupishana, na hapo tu ndipo mjaze upepo, kidogo kidogo.

Naomba sahihisho hilo litoke kwenye toleo lijalo, ukurasa uleule, na kwa herufi za ukubwa uleule uliotumika kwenye makala.

Wenu,

Fundi cherehani mstaafu